Siku tatu Lamu kumtazama mdogo wangu chuoni: nimpeleke wapi mama mwenye magoti mabovu?

BintiTaveta

Assalaam aleikum wenyeji wa Lamu. Mdogo wangu aliingia chuo huko Langoni, kusoma dini, mwaka jana baada ya Ramadhani. Tangu hapo tunamwona kwa video ya simu tu, na kila akipiga kuna punda analia nyuma yake. Mama ameapa mwaka wa pili haumkuti hajamwona. Kwa hiyo mwezi ujao tunapanda gari, mimi na yeye, tukae siku tatu.

Mama ana miaka 67 na magoti yake hayataki ngazi. Halafu nikitafuta habari za Lamu mtandaoni naletewa mabwawa ya kuogelea na wazungu walioshika madafu. Sisi hatuji kwa hayo. Mtu akija kumtazama mwanafunzi, na mwanafunzi mwenyewe yumo darasani nusu ya siku, anamtembeza mamake wapi? Nikimuuliza mdogo wangu ananijibu, "Lamu ni ndogo, utaiona tu."

Mpiga_Makasia

Hakukudanganya, ni ndogo. Njooni na vitambulisho na mviweke mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Baada ya Garsen mtasimamishwa vizuizini, na askari hana subira ya mtu kufungua zipu tatu. Mengine wenye mji watakwambia.

Fundi_Langoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nilishuka gatini hapa mwaka 1991, miaka kumi na mitatu, sanduku la bati kichwani, natoka Hola, nakuja kusoma hukohuko aliko mdogo wako. Ilimu nilipata kiasi changu. Kilichonilisha ni useremala. Nimeoa Lamu, nimezaa Lamu, na wenyewe hadi leo wananiita mgeni. Basi chukua haya kama maneno ya mgeni aliyekawia.

Kwanza siku. Ukija Jumamosi utamwona mdogo wako kwa mafungu, baina ya darsa na darsa, macho yako kwenye saa. Vyuoni mapumziko ni Alhamisi mchana mpaka Ijumaa. Fika Jumatano jioni, ulale, Alhamisi umpate mzima. Na mtakapofika Mokowe, gati la upande wa bara, kuvuka, usikubali kusukumwa kwenye mashua ya kwanza. Maji yakiwa yamepwa, ngazi za gati zinakaa nje na zile za chini zina ukoko wa kijani unaoteleza kama bamia. Mwenye magoti asubiri maji yapande, hata kama ni saa nzima, akinywa chai. Yakijaa, mashua inakuja usawa wa mguu, mama anavuka kama anapita kizingiti cha mlango. Kuvuka kwenyewe hakuchukui muda.

Alhamisi alasiri, msiende popote. Nasema kweli. Mkalisheni bi mkubwa Mkunguni, mbele ya Ngome, kivulini. Huo ndio ua wa mji. Wazee wanacheza bao, wauza kahawa wanagonga vikombe, punda wanapita na mifuko ya simiti, na wanafunzi wa chuo wanamiminika wamevaa kanzu zilizopigwa pasi kwa ajili ya mapumziko tu. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821, na baadaye ikawa jela, mpaka 1984. Mimi sikuikuta jela, lakini mkwe wangu hadi leo akipita mlangoni huongeza mwendo. Sasa ndani mna makumbusho, na mna maktaba ambayo nusu ya wanafunzi wa Langoni wamesinzia humo. Wewe na mdogo wako pandeni juu mtazame mapaa. Mama abaki chini na kahawa yake tungu na kipande cha halua. Ataona mengi kuwapita.

Halafu mwende taratibu mpaka Riyadha. Hapa nitarefusha kidogo, kwa sababu mama akiujua msikiti huu atajua mwanawe kaja kufuata nini. Aliyeuanzisha ni Habib Swaleh, sharifu kutoka Ngazija. Wakati ule ilimu ya Lamu ilikuwa ya watu wa nyumba kubwa za mawe, upande wa Mkomani. Yeye akakaa huku Langoni, kwenye makuti, akasomesha watoto wa watumwa na watoto wa wageni, na akaingiza matari kwenye maulidi. Wakubwa wa mji walinuna. Alifariki mwaka 1935, na leo Maulidi ya Mfungo Sita ndiyo yanayojaza Lamu mpaka watu wanalala barazani. Mimi mtoto wa Hola, bila ule mlango, nani angenifundisha alifu?

Sasa nyumba. Kila mgeni huniuliza kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Wengine huambiwa ni siri ya wahenga. Mwanangu, ni boriti. Dari inakaa juu ya miti ya mikoko, na mkoko uliobeba mzigo wa matumbawe na chokaa hauvuki mita tatu hivi bila kupinda. Basi chumba hakiwezi kupanuka kushinda mti wake. Kikitaka ukubwa, kinarefuka. Mkiingia Nyumba ya Kiswahili, ile ya makumbusho, inueni macho muhesabu boriti, halafu mtazame ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa mpaka juu. Vya pembeni hufanywa vidogo kuliko vya kati ili jicho livutwe ndani. Nimewahi kutengeneza safu moja upya na nilirudia mara nne. Lakini ngazi za nyumba hizi zimesimama wima kama minazi. Mama aishie chini.

Nimalizie na Takwa, kisiwani Manda, kwa sababu hapo ndipo nilipojiaibisha.

Takwa ni mji uliohamwa karne ya 17. Inasemekana watu wake walikwenda Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, na watu wa Shela bado huvuka kwenda kuzuru. Mna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Mibuyu imeota katikati ya nyumba za watu. Pametulia mno. Ila njia ya kuingilia ni mkono wa bahari unaopenya ndani ya mikoko, na ule mkono hautaki ubishi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa niliwapeleka wakwe zangu. Nahodha mimi mwenyewe, mashua ya kuazima. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi, mwezi mpevu. Baba mkwe akauliza, "Maji umeyatazama?" Nikamjibu kijana anavyojibu. Tulitoka saa mbili u nusu asubuhi. Kufikia saa tatu u nusu chini ya mashua kulikuwa na tope tupu. Tukakaa. Kaa wadogo wenye gando moja jekundu wakatoka mashimoni kwa mamia, wakawa wanatupungia, na kila mama mkwe akikohoa wanazama wote pamoja, kisha wanachungulia tena. Mahamri yalikwisha saa tano. Maji yalirudi saa saba u nusu. Mzee hakusema neno njia nzima. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku za bamvua, asubuhi ya saa nne na saa tano ni makavu, na maji hujaa alasiri. Kwa hiyo mkija mwezi ukiwa mpevu au mchanga, sali Ijumaa, kula, toka saa nane u nusu maji yakiwa yanapanda, rudi kabla ya magharibi. Ukishuka, njia ni tambarare, mama ataweza. Na bei mpatane kabla ya mguu kukanyaga mashua, kwenda na kurudi na kungoja, vyote kwa mdomo mmoja.

MwanaShela

Fundi amesema vizuri lakini amesema kiume. Bi mkubwa akae Mkunguni alasiri nzima atazame wazee wakicheza bao? Dada, mlete Shela. Msitembee, ni kama kilomita tatu na jua. Pandeni mashua, mshuke mbele ya kijiji. Mwonyeshe mnara wa msikiti wa Ijumaa, wa 1829, ule mweupe mnene uliochongoka. Kisha akanyage mchanga. Magoti yanapenda mchanga ulio baridi, asubuhi kabla ya saa mbili. Ila kama upepo wa kusi umeshika, mawimbi ya upande ule si ya kuchezea. Akae ukingoni tu alowe miguu.

Na jioni atafutiwe mtu wa kumpaka hina. Nyumba ya hina ndiyo baraza yetu sisi. Hapo atajua nani kaoa, nani kaacha, na mwanawe huko chuoni anakula vizuri au anadanganya.

Fundi_Langoni

Nimekubali kusahihishwa. Ongezeni hospitali ya punda, pwani, ipo tangu 1987 na inatibu bure. Asubuhi utawakuta punda wamesimama foleni na wenyewe wamewashika masikio. Mama atacheka.

BintiTaveta

Ami, MwanaShela, Mungu awape. Nimemsomea mama habari ya wakwe mara mbili, mara ya pili kwa amri yake. Nimetazama kalenda: Ijumaa yetu inaangukia siku moja baada ya mwezi mpevu. Takwa saa nane u nusu, nimeandika. Na ya kaa nimemwambia, kasema atakohoa makusudi.

La mwisho. Mama hawezi kwenda kwa mwalimu wa mwanawe mikono mitupu. Tubebe nini? Mimi nilifikiria halua ya Mombasa.

Fundi_Langoni

Halua! Mwanangu, kuna watu hapa wakiionja ya Mombasa wataisifu mbele yako halafu wampe punda. Nyinyi si watu wa Taveta? Leteni ndizi. Mkungu mzima, mbichi, uliofungwa gunia ili usichubuke kwenye gari, utaivia hapa kwa mwalimu. Akikuuliza kondakta wa Mombasa kuna nini humo, mwambie mgonjwa, akupe nafasi chini ya miguu, si juu na mabegi.

Mkifika gatini msiubebe wenyewe. Mwite mdogo wako aje na hamali, na mwambie hamali ni wa punda, si wa mkokoteni. Mkokoteni hautapita kichochoro cha kwa mwalimu, nimeupima mimi mwenyewe nilipokuwa napeleka kabati.

MwanaShela

Na mkungu ukikatwa, kuna watu Shela wanaokula ndizi.