Mjadala: Ring ya Solti bado inastahili taji la rekodi bora ya opera?

Mleta mada

Wadau, heshima kwenu. Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Kila orodha ya rekodi bora za muziki wa Ulaya ikitoka, juu kabisa utamkuta kondakta Georg Solti na Ring yake ya kampuni ya Decca. Wahakiki wa jarida la Gramophone waliipa nafasi hiyo mwaka 1999, BBC Music Magazine wakarudia mwaka 2011. Mimi nasema taji livuliwe.

Kwa wageni: Ring ni opera nne za Richard Wagner zinazofuatana, yaani Das Rheingold, Die Walküre, Siegfried na Götterdämmerung, jumla yake takriban saa 15. Zilichezwa zote kwa mfululizo mara ya kwanza mwaka 1876, katika ukumbi ambao Wagner mwenyewe aliujengesha pale Bayreuth, Ujerumani. Decca waliirekodi ya kwao studioni mjini Vienna, kipande baada ya kipande, kuanzia 1958 hadi 1965. Ni Ring ya kwanza kamili kufanyiwa studio. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni huu. Mwaka 1955, Solti hajaigusa kazi hiyo studioni, Decca haohao walishapeleka mitambo ya stereo Bayreuth wakairekodi Ring nzima mbele ya watazamaji, Joseph Keilberth akiongoza. Kisha wakaifungia kabatini. Haikutoka hadi kampuni ndogo ya Testament ilipoanza kuitoa mwaka 2006. Nusu karne nzima dunia inampigia Solti makofi, na mpinzani wake mkubwa yumo kabatini!

Msikilizeni Hans Hotter, ambaye ni Wotan kwenye rekodi zote mbili za Die Walküre. Mwishoni mwa opera hiyo Wotan, mkuu wa miungu, anamuaga bintiye Brünnhilde, anamlaza usingizi na kumzungushia moto. Mwaka 1955 Hotter ana miaka 46: sauti pana, anaweza kuishusha hadi mnong'ono na bado kila neno ukalisikia. Kwa Solti ana miaka 56, na kila noti ndefu inatikisika. Ukimkosa Wotan, Die Walküre umeikosa. Kilichobaki ni mitambo, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopewa taji.

Fundi Spika

Mkuu, nakukatalia moja kwa moja. Unaisema mitambo kana kwamba ni doa. John Culshaw, prodyuza wa Decca, hakuwa anaiga ukumbi. Alitaka mtu aliyekaa sebuleni kwake aone kwa masikio. Wagner aliandika fuawe 18 kwenye Das Rheingold, pale Wotan na Loge, mungu wa moto, wanaposhuka kuzimu kwa vibeti wafua dhahabu. Ni jumba gani la opera linaleta fuawe 18? Culshaw alizileta. Au chukua mwisho wa sehemu ya kwanza ya Götterdämmerung. Shujaa Siegfried amejigeuza sura akawa mtu mwingine, Gunther, na inabidi sauti yake nayo ifanane na ya Gunther. Jukwaani tunaombwa tuamini tu. Decca waliinenepesha sauti ya Wolfgang Windgassen, Siegfried wao, kwa mitambo hadi nywele zinakusimama.

Na ukumbi wenyewe waliorekodia! Sofiensaal ulianza kama bafu la umma, ukawa ukumbi wa dansi, na chini ya sakafu yake bwawa la kuogelea la zamani lilibaki wazi. Uwazi huo ndio ulioipa besi ule mguno unaousikia tumboni. Ukumbi huo uliungua mwaka 2001. Sauti ile haipatikani tena hata ukiwa na hela.

Bayreuth shimo la okestra limefunikwa. Sauti inarudi kwanza jukwaani, inachanganyika na waimbaji, ndipo inamfikia mtazamaji. Ukiwa umekaa pale ni raha. Kwa maikrofoni ni mtihani, na kwenye Keilberth matarumbeta mara nyingi yako nyuma ya pazia, tena kuna vishindo vya miguu na vikohozi. Saa 15 za vikohozi, mkuu.

(Kituko cha pembeni: siku moja wakati wa Götterdämmerung walimwingizia Birgit Nilsson, Brünnhilde wa Solti, farasi wa kweli studioni kwa mzaha, kwa kuwa Brünnhilde ana farasi wake kwenye hadithi. BBC walikuwa wanapiga filamu, kwa hiyo ushahidi upo.)

Sauti ya Tatu

Fundi, naheshimu masikio yako, lakini ninyi watu wa spika mnawasahau waimbaji. Mimi nimekulia kwaya ya Kilutheri, sauti ya tatu kama jina langu linavyosema, na naijua tofauti ya kuimba wimbo kwa vipande na kuuimba kutoka mwanzo hadi mwisho huku mwalimu wa kwaya amekukazia macho. Anayeimba Siegfried studioni anafanya kipande, anakunywa chai, anakisikiliza, anarudia. Jukwaani anaimba jioni nzima, halafu dakika za mwisho anakutana na Brünnhilde aliyetoka kuamshwa, koo lake halijafanya kazi yoyote usiku huo. Pambano hilo la aliyechoka na asiyechoka limo ndani ya kazi yenyewe. Studio inalifuta.

Halafu kuna suala la uaminifu. Mnaikumbuka Tristan und Isolde ya EMI ya mwaka 1952, Wilhelm Furtwängler anaongoza, Kirsten Flagstad ni Isolde? Wengi wanaiita Tristan bora kuliko zote, na mimi naipenda. Lakini noti mbili za C ya juu kwenye sehemu ya pili hazikuimbwa na Flagstad. Alikuwa na miaka 56, akahofia hazifikii, zikaimbwa na Elisabeth Schwarzkopf na kuingizwa humo kimyakimya. Siri ilipovuja Flagstad aliumia sana. Noti mbili tu katika saa nne, najua. Ila ukiruhusu mbili, nani atakuambia ukomo ni ngapi?

Mimi kura yangu hata si ya Keilberth. Ni ya kondakta Karl Böhm, Bayreuth, 1966 na 1967. Kwenye Die Walküre Leonie Rysanek ni Sieglinde, dada pacha wa Siegmund. Siegmund anapouchomoa upanga kwenye mti, Rysanek anapiga ukunga ambao haumo kwenye noti za Wagner. Culshaw angesimamisha mtambo na kuomba warudie. Asante Mungu hakuwepo.

Fundi Spika

Hiyo "laivu" yako ya Böhm imeunganishwa kutoka majira mawili ya tamasha, ndugu. Mkasi ulipita na huko.

Sauti ya Tatu

Ulipita kati ya opera na opera. Rheingold ni ya mwaka mmoja, Walküre ya mwaka uliofuata. Si katikati ya pumzi ya mtu.

Msikilizaji wa Leipzig

Samahani kuingilia. Nipo mji aliozaliwa Wagner, na huku swali la kwanza kuhusu rekodi hizi si studio wala laivu. Wanauliza nani alikuwa wapi mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria. Okestra ya Solti ni Wiener Philharmoniker. Mwaka huo iliwafukuza wanamuziki wake Wayahudi, akiwemo Arnold Rosé, aliyeongoza fidla zake tangu 1881. Wakati wa vita karibu nusu ya wapigaji walikuwa wanachama wa chama cha Nazi. Miaka 20 baadaye anasimama mbele yao Myahudi kutoka Budapest, aliyenusurika vita akiwa Uswisi, anawaongoza kwenye kazi ya Wagner, mtu aliyeandika matusi dhidi ya Wayahudi kwa jina la kuficha na baadaye kwa jina lake mwenyewe. Ule ukali mnaousikia kwa Solti, zile shaba zinazokata, mimi siwezi kuusikia kama ufundi wa mitambo tu.

Mleta mada

Mkuu wa Leipzig, historia hiyo ni nzito na nakushukuru. Lakini haiwezi kumpunguzia Hotter miaka kumi. Na ukitumia kipimo hicho, Furtwängler aliyebaki Ujerumani ya Wanazi na kondakta Karajan aliyekuwa na kadi ya chama chao tunawaweka wapi? Tutabaki na rekodi chache mno.

Msikilizaji wa Leipzig

Sijasema tuzitupe. Nimesema tusijifanye tunasikia sauti peke yake.

Mama Santuri

Wanangu, mnabishana kuanzia 1955 kana kwamba kabla ya stereo watu hawakuwa na masikio. Nilidhani mtu atamtaja Furtwängler kwenye Ring yenyewe, nikaona kimya. Zipo mbili: ya La Scala, Milano, mwaka 1950, Flagstad akiwa Brünnhilde, na ya redio ya Italia, Roma, mwaka 1953, ambapo waliimba sehemu moja kila jioni, Martha Mödl akiwa Brünnhilde. Sauti ni mbovu, sikatai. Ya Milano saa nyingine unaisikia kama iko chumba cha jirani. Lakini maandamano ya mazishi ya Siegfried pale hayaendi kwa mpigo wa saa. Yanavuta, yanasita, na unajua kuna mtu amekufa. Solti hapo anapiga ngumi. Ngumi nzuri, ndiyo.

Ila sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kuwavunjia huo ugomvi wa studio na laivu. Mwaka 1935, Vienna, kondakta Bruno Walter alirekodi sehemu ya kwanza ya Die Walküre, Lotte Lehmann akiwa Sieglinde na Lauritz Melchior akiwa Siegmund. Ni studio tupu, hakuna mtazamaji. Zaidi ya hapo, zama zile upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na kidogo. Wanaimba dakika nne, wanasimama, sahani inabadilishwa, wanaendelea. Hakuna namna ya kurekodi iliyokatakata muziki kuliko hiyo. Nendeni mkaisikilize, kisha mniambie moto umekatika wapi. Lehmann anapomtambua kaka yake, sauti inapasuka kwa furaha hadi maneno yanagongana.

Na wewe mwanangu wa Leipzig, okestra ni hiyohiyo, miaka mitatu kabla ya kufukuzana. Walter naye alikuwa Myahudi, ameshaondoka Ujerumani tangu 1933. Opera yote haikumaliziwa naye. Vipande vya sehemu ya pili vilivyobaki vilirekodiwa Berlin mwaka 1938 chini ya mtu mwingine.

Sauti ya Tatu

Shikamoo, Mama. Hapo umenibana, maana Melchior ninaye na sijawahi kusikia pa kuunganishia.

Mleta mada

Shikamoo, Mama. Basi tuiache studio kama studio, ushahidi wa 1935 unatosha. Hoja yangu ya Hotter iko palepale, lakini nataka niihamishie sehemu ya kwanza ambako Wotan hayupo kabisa, ili Fundi asiseme nawinda uzee wa mtu mmoja.

James King ni Siegmund kwa Solti mwaka 1965, na ni Siegmund kwa Böhm mwaka 1967. Koo lilelile, miaka 2 tu katikati. Wekeni pale anapomlilia baba yake, "Wälse! Wälse!", kwanza kwa Solti, kisha kwa Böhm. Kwa Solti noti ni safi, ndefu, zimewekwa mahali pake, na okestra nyuma yake inang'aa kuliko yeye. Kwa Böhm mwendo ni wa haraka, nyuzi zinamsukuma mgongoni, na anaimba kama mtu asiye na silaha ndani ya nyumba ya adui, ambaye ndiye Siegmund hasa usiku ule. Culshaw alinunua nafasi, muda na fuawe zote 18. Kilichopungua ni yule wa kumtia King hofu. Régine Crespin, wa Solti, ni Sieglinde mwenye adabu mno, na Solti anasubiri kilele kifike ndipo awake.

Fundi, wewe una spika nzuri kuliko zangu. Zipige hizo mbili kwa kufuatana, kisha njoo uniambie umemwamini nani.

Fundi Spika

Nimezipiga. King wa Böhm, nakupa. Lakini kisha nikarudi kwa Solti, kwenye radi ya Donner, mungu wa ngurumo, katika Rheingold, na jirani amegonga ukuta. Taji halitoki, mkuu. Kesho naweka Götterdämmerung.