Naogopa sindano hadi nazimia. Hipnotherapia inasaidia kweli?

FundiNyakato

Wakuu habari za humu, na shikamooni mnaostahili. Nina jambo linalonitia aibu mtaani, ndiyo maana nimelileta hapa ambako hakuna anayenijua sura.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Mwanza. Mageti, madirisha, matela ya kuvutwa na pikipiki, chochote cha chuma. Cheche zimeshaingia hadi ndani ya buti, grainda imeshanikwangua paja nikafunga kitambaa nikamalizia geti la watu. Sasa njoo kwenye sindano. Nesi akianza tu kuipiga kwa kucha ili hewa itoke, basi. Moyo unaenda mbio kidogo, halafu ghafla napoa mwili mzima, masikio yanaziba, nikija kushtuka niko sakafuni watu wananipepea na kadi za kliniki. Mara ya mwisho nilizimia kwa kutobolewa kidole tu, nikaiangukia meza ya mtu wa maabara na vichupa vyake. Marehemu baba alikuwa hivihivi. Sisi watoto tulidhani anaigiza.

Shida ni kwamba nina kisukari. Nilianza na metformini, wakaongeza kidonge kingine, ila kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimekataa kushuka. Daktari akasema tunaingia kwenye insulini. Kila siku, na nijichome mwenyewe. Niliitikia vizuri tu, nikatoka mlangoni, na sijarudi. Mama watoto anajua naendelea na kliniki.

Shemeji yangu aliye Nairobi ananiambia kuna mtu anatibu hofu kwa hipnotherapia, kwa simu ya video. Anakuingiza kwenye usingizi fulani, anaongea na akili ya ndani, hofu inatoka. Bei ni kama laki na ishirini ya kwetu kwa kikao, na anataka vikao vitatu vilipwe mapema.

Kuna aliyewahi kufanya? Unalala kabisa au unasikia? Anaweza kukutoa siri, mfano namba ya siri ya simu? Na hivi, si uganga huu umevalishwa suti? Natanguliza shukrani.

Kipanga

Mkuu, unashika umeme na moto kutwa halafu unaogopa kisindano? Jikaze wewe, acha mambo ya kulazwa usingizi na wanaume kwenye video.

BintiLikoni

Kaka pole sana. Mimi nimefanya hiyo kitu, kwa hofu nyingine, nitakueleza nilivyoona mwenyewe.

Nimezaliwa Likoni na kazi yangu iko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Maana yake feri asubuhi, feri jioni. Nilikuwa mtoto feri ya Mtongwe ilipozama, tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Matanga yalikuwa nyumba kwa nyumba. Pamoja na hayo nikakua navuka kama watu wote, hadi Septemba 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri likaingia majini na mama na mwanawe ndani. Baada ya hapo nikawa siwezi kuteremka ule mteremko. Ukisikia lango la feri linakwaruza saruji pale inapotia nanga, miguu yangu inakuwa si yangu. Kakangu akanambia nizunguke Dongo Kundu, barabara ni nzuri. Barabara nzuri, ndiyo, lakini nauli nani atanilipia kila siku?

Nikaenda kwa mwanasaikolojia mjini, mama mtu mzima. Hapana saa ya kuning'inia, hapana kukodolewa macho. Nilikaa kwenye kiti, nikafumba macho, akawa anazungumza polepole: legeza taya, sasa mabega, sasa vidole. Hulali, kaka. Nilikuwa namsikia muuza kahawa barabarani anavyogonganisha vikombe vyake. Ni vile unavyokuwa umezama kwenye jambo hadi mtu anakuita mara mbili hujaitika, lakini ukiamua kuinuka unainuka. Na kuhusu siri: aliniuliza umri katikati ya hiyo hipnosi nikapunguza miaka kadhaa, na uongo wangu ukasimama imara. Namba yako ya siri iko salama.

Sasa sikiza hapa, maana hapa ndipo penyewe. Nikiwa nimelegea hivyo, alinipandisha ngazi kwa maneno. Kwanza niko nyumbani nasikia honi ya feri kwa mbali. Nikitulia hapo, twende mbele: niko kwenye banda la kusubiri, watu wamebanana. Nikitikisika, turudi nyuma. Halafu mteremko, halafu lango, halafu katikati ya maji. Nikitoka kwake nina kazi ya nyumbani: nenda kweli ukasimame pale bandani, usipande, simama tu mpaka moyo uchoke kukimbia. Baadaye panda na kakako. Baadaye panda peke yako. Aliniambia wazo la kuunganisha utulivu na ngazi kama hiyo lilitengenezwa miaka ya 1950 na daktari wa Johannesburg, Joseph Wolpe, aliyeanza kwa kufanya majaribio na paka.

Mimi naona hivi. Hipnosi ilinipa mwanzo, maana peke yangu nisingethubutu hata kufika bandani. Kilichonitibu ni feri yenyewe. Yule anayesema atakaa kwenye skrini atoe hofu bila wewe kuikaribia sindano, mimi simwamini. Na pesa za vikao vitatu mapema usitoe. Hapa Kenya kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi yake, kwa hivyo muulize amesajiliwa kama nani. Akianza kukupigia hadithi ndefu, funga simu.

Msafiri_Leicester

Naongeza kwa ufupi nikiwa huku Uingereza. Huku mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa hipnotherapia, sheria haimlazimishi kuwa na leseni. Wazuri wapo, na wapo waliosoma wikendi mbili. Nilipokuwa na hofu ya lifti nilijiandikisha mwenyewe kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, bure, na hakuna aliyenifumbisha macho. Walinipandisha lifti tu, ghorofa moja, mbili, mpaka nikaboreka nayo.

NesiMstaafu

Mdogo wangu Fundi, nimekaa wodini na kliniki miaka mingi, na watu kama wewe nimewadaka wengi kabla hawajafika sakafuni. Wengi wao wanaume wenye miili. Hakuna cha kuona aibu.

Dada wa Likoni ameeleza vizuri, lakini kuna kitu kinachoitofautisha hofu yake na yako, na huyo mtu wa video asipokijua atakuangusha zaidi. Anayeogopa feri, urefu, mbwa au nyoka, moyo unakimbia na presha inapanda, na inabaki juu. Anaweza kudhani anakufa, ila ni nadra sana kuzimia. Nyie wa sindano na damu mnakwenda kinyume. Presha inapanda kidogo mwanzoni, hayo ndiyo mapigo unayoyasikia, halafu mshipa wa fahamu unaoitwa vegasi unaupunguzia moyo mwendo, mishipa ya damu inatanuka, presha inaporomoka. Ubongo unakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, chini. Ule ubaridi na masikio kuziba uliovieleza ni presha ikishuka. Na inatembea kwenye familia, kwa hiyo marehemu mzee hakuwa anaigiza.

Sasa jiulize: mtu ambaye presha yake inaporomoka, ukimwambia alegeze taya, alegeze mabega, alegee kabisa, unamsaidia au unamsukuma? Dawa yake ni kukaza. Kipanga amekusudia kukejeli na amepatia bila kujua. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na mwenzake waliiandika njia hii mwaka 1987, na inafundishwa mpaka leo.

Inafanyika hivi. Kaa kwenye kiti. Kaza misuli ya mikono, kifua, tumbo na mapaja kwa pamoja, kama unainua injini, lakini usibane pumzi. Shikilia sekunde kumi hadi kumi na tano, mpaka usikie joto linapanda usoni. Hilo joto ndilo unalolitafuta. Kisha achia, lakini usilegee kama mlenda, rudi tu kwenye hali ya kawaida, nusu dakika hivi. Rudia mara tano. Fanya nyumbani mara kadhaa kwa siku, wiki nzima, mbali na sindano yoyote. Ukienda kuchomwa, kaza kila kitu isipokuwa mkono unaochomwa. Kama una presha ya kupanda au tatizo la moyo, muulize daktari kabla hujaanza.

Ukishaizoea, ndipo ile ngazi ya dada. Kwa upande wako itaanza na bomba la sindano lililo ndani ya karatasi yake, liko mezani, unalitazama huku unakaza. Kisha unalishika. Kisha unalifungua. Kisha unachoma chungwa. Wagonjwa wangu wote wa insulini walianza na chungwa, na wasioogopa walikuwa wamo.

Simaanishi kwamba hipnosi ni uganga. Kuna tafiti nzuri za watoto wanaochomwa sindano, inawapunguzia maumivu na vilio. Hata kwa utumbo unaosumbua muda mrefu inatumika. Lakini kwa mtu mzima anayezimia, mimi ningeanza na kukaza, na hakulipiwi laki na ishirini.

Kuhusu insulini yenyewe, nadhani kichwani unaona ile sindano ya kuchomwa makalioni. Siyo. Insulini haiingii kwenye mshipa wala kwenye nyama, inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi, tumboni au pajani. Sindano ya kalamu ya insulini ina milimita 4, nyembamba kama unywele mnene. Ukipewa kichupa na bomba, sindano yake ni ndefu kidogo lakini bado ni kitu kidogo. Waulize kliniki kama wana kalamu, vituo vinatofautiana.

La mwisho nalisema kwa ukali: kuikimbia kliniki ndiko kunakoniogopesha mimi. Vidonge usiviache. Ukiona kiu isiyokatika, mkojo usiku kucha, unakonda, halafu ukaanza kutapika au kupumua haraka kwa kina, hospitali siku hiyohiyo. Na mwambie mkeo.

Kipanga

Nesi nimekusoma. Fundi, nisamehe kaka. Mimi mwenyewe sipandi ngazi ya zaidi ya mita tatu, sijui nilikuwa najifanya nani.

FundiNyakato

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Shemeji nimemwambia yule mtu wa video asubiri, akanuna kidogo, inaelekea walishaongea.

Nimejaribu kukaza hapa karakana tangu juzi. Joto la usoni linakuja kweli. Kijana wangu wa kazi amenikuta nimekaa juu ya stuli nimevimba shingo, akaniuliza kama nina choo kigumu, nikamwambia afanye kazi iliyomleta. Mama watoto nimemwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema yeye ndiye atanichoma mpaka nizoee. Sijui nifurahi au vipi.

Nesi, naenda Jumatatu. Najua wataanza na damu. Nikifika namwambia nani, na namwambiaje, maana pale dirishani foleni yote inasikia?

NesiMstaafu

Dirishani usiseme kitu. Subiri ukiingia chumba cha kutolea damu, kabla hajakufunga mpira mkononi, mwambie hivi: "Mimi huwa nazimia nikichomwa, naomba nilale." Maneno hayo tu. Atakupa kitanda, hataki ukamwangukie vichupa kama ulivyomfanyia mwenzake. Mtu aliyelala hana pa kuangukia, na damu inafika kichwani kirahisi.

Kama wamekuambia uje bila kula, fuata, lakini maji unaruhusiwa, kunywa vikombe viwili vizuri kabla ya kutoka nyumbani. Ukilala, anza kukaza miguu na tumbo mapema, kabla hajafungua pamba. Kuangalia au kutoangalia ni uamuzi wako, siku ya kwanza geuza uso. Akimaliza usiruke kusimama, kaa ukingoni mwa kitanda dakika kadhaa ukiendelea kukaza, wengi huanguka wakiwa mlangoni wanadhani yamekwisha.

Na mama watoto nenda naye, akafundishwe kuchoma palepale. Akachukue na chungwa.