Mpako wa Wagonjwa: padre aitwe lini, na tuandae nini?

Mama wa Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Mzee wa jumuiya yetu ana kiharusi. Haongei, ila anasikia, na analishwa kwa mpira wa puani. Wanawe wanasita kumwita padre ampe Mpako wa Wagonjwa, ile sakramenti ya kupakwa mafuta, wanasema mzee akiona mafuta atajua ndiyo basi. Tena ndoa yake ni ya kimila. Anaruhusiwa kupakwa? Katekista hawezi kumpaka? Na mezani tuweke nini?

Katekista Mstaafu
Milele amina. Mwiteni padre leo hii. Mpako si wa mtu anayekata roho tu. Ni wa mwenye ugonjwa mzito au aliyedhoofishwa na uzee, hata anayekwenda kupasuliwa kama ugonjwa wenyewe ni wa hatari. Wanaongoja "dakika ya mwisho" ndio humkuta padre mlangoni na mgonjwa kashafariki, na maiti haipakwi, inaombewa. Kukiwa na shaka kama kweli amekufa, atapakwa (kanuni 1005 ya Sheria za Kanisa Katoliki).

Katekista hawezi, shemasi vilevile. Ni padre au askofu tu, kanuni 1003.

Suala la ndoa mwelezeni padre kwenye simu, msimfiche. Kinachozuia mpako ni kung'ang'ania dhambi kubwa iliyo wazi. Asiyeongea anaweza kuungama kwa ishara, kama kubana mkono au kutikisa kichwa, kwa hiyo wote mtoke chumbani. Na palipo na hatari ya kifo, taratibu za ndoa nazo hurahisishwa.

Dada wa Sakristia
Meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, maji ya baraka, pamba safi, glasi ya maji. Mshumaa pia, lakini mgonjwa akiwa kwenye oksijeni msiuwashe kabisa.

Mfuteni paji la uso na mikono, losheni itoke, na mikono ya shati ikunjwe. Padre atamwekea mikono kichwani kimya, kisha atampaka paji la uso na mikono. Wazee hushangaa kwa sababu kabla ya 1972 walipakwa macho, masikio, pua na midomo. Kukiwa na haraka, paji peke yake latosha. Paji likiwa na bandeji, hupakwa mahali pengine panapofaa.

Komunyo ndiyo ya kuangalia sana. Mwenye kiharusi hupaliwa kirahisi, hivyo muulizeni muuguzi kama anameza. Akiweza, hupewa kichembe cha hostia, yaani mkate wa Komunyo, na maji kidogo. Akishindwa, atapakwa bila Komunyo, na mpako haupungui chochote.

Mama wa Jumuiya
Asanteni. Alishapakwa mwaka jana, akapata nafuu. Tena kuna ndugu kaleta chupa ya mafuta ya upako aliyonunua, anataka padre ayatumie.

Katekista Mstaafu
Anapakwa tena. Aliyepona akaugua upya anapakwa, na hata katika ugonjwa uleule hali ikizidi (kanuni 1004).

Chupa hiyo iwekeni pembeni kabla padre hajafika. Yeye huja na Mafuta ya Wagonjwa yaliyobarikiwa na askofu kwenye Misa ya Krisma, ile ya kubariki mafuta matakatifu, mara nyingi yamelowa kwenye pamba ndani ya kichupa yasimwagike njiani. Akiwa hana na hali ni ya dharura, anaweza kubariki mafuta ya mimea ndani ya ibada yenyewe, hata alizeti ya jikoni. Vaselini hapana. Yakibaki, hayarudi kwenye kikaango: yananyonywa kwa pamba na kuchomwa.