Kufuli la baiskeli: U, cheni au waya wa namba?

Kijana_wa_Pasua
Habari za jioni wakuu. Nimepata baiskeli, mtumba wa Japani, na sitaki ije kuniliza. Jumamosi naenda soko la Mbuyuni hapa Moshi kununua kufuli. Nimeona la U (chuma kimoja kilichopinda kama herufi hiyo), cheni iliyovishwa kitambaa, na waya wa namba. Lipi zuri? Waliotumia waseme.

Fundi_Spoki
Mkuu, umeuliza nusu. Inalala wapi? Mchana unaifunga kwenye nini: nguzo, mti, nondo za dirisha? Magurudumu yanatoka kwa spana au yana kile kimkono cha kufungua bila spana? Na mfukoni una ngapi? Bila hayo kila mtu atakutajia analolipenda yeye.

Mama_Maziwa
Mdogo wangu, waya usiuguse. Mwaka juzi nilikuwa nasambaza maziwa kutoka Rau kuja mjini, madumu mawili kwenye keria. Nikanunua waya wa namba, mnene kama kidole gumba, nikajua nimemaliza kazi. Siku hiyo nikaifunga kwenye nguzo ya bango, nikaingia duka la dawa kumchukulia mama dawa ya presha. Mbele yangu watu watatu tu. Natoka, nguzo ipo, madumu wameyashusha chini, baiskeli hakuna. Waya niliukuta palepale: unene wote ule ni plastiki, ndani kuna nyuzi kama za breki. Dada muuza karanga aliona kijana ameinama na koleo, akadhani ni mwenye mali kasahau namba. Hapo ndipo paliponiuma zaidi. Wiki tatu nilisafirisha maziwa kwa bodaboda, faida ikaishia kwenye nauli, na wateja wawili wa Shanty wakahama. Fremu yangu ya kijani ina kovu la kuchomelewa chini ya tandiko. Mpaka leo nikiona ya kijani inapita, namwangalia aliyeipanda.

Mzee_wa_Sakina
Pole sana mwanangu. Mimi huku Arusha ni cheni tu, miaka yote. Nguzo ya umeme ya mti haiingii kwenye U hata ulie. Cheni inaizunguka na inabaki nafasi.

Fundi_Spoki
Shikamoo mzee. Ni kweli kuhusu nguzo, lakini cheni ipi? Ya kufungia geti, ile ya kupima kwa mita, ni chuma laini. Mkasi wa kukatia nondo unaila mara moja. Kijana, nenda na tupa ndogo, mwombe muuzaji uguse pete moja. Tupa ikila, achana nayo. Ikiteleza kama juu ya kioo, hicho chuma kimekomazwa. Pete ziwe milimita 10 kwenda juu, na ujiandae kubeba kilo mbili na zaidi. Ukifunga, usiache cheni ilale chini: mwizi akiegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini, uzito wake wote unaingia kwenye kukata.

La U chukua dogo. Nafasi ikibaki ndani, mtarimbo au jeki inaingia na kulipanua. Lipitishe kwenye rimu ya nyuma na fremu pamoja. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, utarudi ulikute hilo hilo.

Njiro_Pedali
Na angalia ufunguo. Mwaka 2004 Marekani watu waligundua makufuli ya U ya Kryptonite yenye ufunguo wa mrija yanafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic, kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Mpaka leo mimi nachukua ufunguo bapa tu.

Kijana_wa_Pasua
Asanteni. Inalala koridoni, nyumba ya kupanga, tuko wapangaji sita. Mchana inakaa nje ya kazini. Nina elfu ishirini na tano.

Fundi_Spoki
Hilo la koridoni ungelisema mwanzo! Usiku ndio mrefu. Ingiza chumbani, hata ukiisimamisha ukutani. Na bado hujasema kazini unaifunga kwenye nini.

Mzee_wa_Sakina
Lolote utakalonunua, litie mafuta ya cherehani kila mwezi.

Njiro_Pedali
Hapana mzee wangu, kwa heshima. Vumbi la kiangazi likikutana na mafuta ndani ya kitasa linakuwa tope. Kwaruza penseli, tia ule unga mweusi.

Mama_Maziwa
Hayo ya huko kwenu Arusha. Masika ya Moshi unga wa penseli hauzuii kutu. Mimi natia mafuta na kufuli linafunguka.

Mzee_wa_Sakina
Kwani Arusha hainyeshi? Njoo Sakina mwezi wa nne.

Kiboriloni_Tairi26
Wakuu, kabla ya kufuli, geuza baiskeli, chini ya pedeli kuna namba imegongwa kwenye fremu. Ipige picha leo.

Mama_Maziwa
Sikiliza huyo. Kituoni waliniuliza namba hiyo, sikuwa nayo. Nikabaki kusema "ya kijani".

Kijana_wa_Pasua
Nimeiona, nimeipiga. Kazini kuna mwembe na bomba la maji, bomba ni la plastiki.

Mzee_wa_Sakina
Mwembe! Cheni.

Fundi_Spoki
Shina lina unene gani?

Kiboriloni_Tairi26
Mama_Maziwa, samahani kutoka nje ya mada: bado unasambaza? Nahitaji lita mbili kila asubuhi.

Mama_Maziwa
Bado, kaka. Kiboriloni napita saa kumi na mbili na nusu. Nitumie ujumbe.