Daraja dogo la reli kati ya Korogwe na Mombo: mbona mbao ziko darajani tu?

Binti_Mombo:
Shikamooni wakubwa. Kijijini kwetu reli ya Tanga inavuka kijito kwa daraja la hatua kama 12. Bibi huliita "daraja la Mjerumani". Juzi nimeona jambo: njia nzima mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, ni ya chuma, lakini darajani ni ya mbao. Kwa nini? Na kijito chenyewe kiangazi unakivuka bila kulowa magoti, sasa kuta za mawe zimeinuliwa hivyo za nini?

Mzee_wa_Kiberenge:
Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ganga, yaani kikosi cha kutunza njia ya reli, miaka 31, madaraja kama hilo nayapenda mno.

Chuma kiliwekwa kwa ajili ya mchwa, nacho kinataka kulala kwenye kokoto. Darajani hakuna kokoto, taruma linakaa juu ya mhimili wenyewe, yaani boriti ya chuma ya daraja. Mbao unaichonga chini ikae sawasawa, unaifunga kwa bolti, halafu inapunguza mshindo wa magurudumu. Chuma juu ya chuma kingegongana mpaka ribiti, misumari minene inayounga vyuma vya daraja, zilegee. Tulikuwa tunazigonga kwa nyundo moja moja, kidole kikiwa upande wa pili. Iliyolegea unaisikia inacheza.

Tena chungulia ncha za mhimili. Upande mmoja umefungwa, wa pili umeachwa uteleze. Mhimili wa mita 10, joto likipanda digrii 30, unarefuka karibu milimita 4. Ukiubana pande zote mbili utapasua mawe.

Kuhusu urefu wa kuta: usilipime daraja kwa maji ya kiangazi. Maji hayo yanatoka milima ya Usambara. Masika yanashuka na magogo.

Reli_Mnyusi:
Bibi yuko sahihi, ila labda nusu. Reli ilianza Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, kwa hiyo kipande chenu ni cha miaka hiyo mitatu. Lakini 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakirudi nyuma mbele ya jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, Wajerumani wenyewe walivunja madaraja ya njia hii. Angalia mhimili unapokalia: ni jiwe la kuchonga au zege?

Binti_Mombo:
Nimekwenda leo asubuhi. Upande wa Korogwe ni mawe tupu mpaka juu. Upande wa Mombo mawe yanaishia kama dhiraa moja chini ya mhimili, juu yake zege.

Mzee_wa_Kiberenge:
Hapo ukuta ulivunjika kichwa ukajengwa upya. Kwa vita au kwa mafuriko, zege peke yake halisemi. Lakini mawe ya chini usiyatilie shaka, ni yale yale ya bibi. Ukirudi, tazama matundu madogo ukutani ya kutolea maji ya tuta. Yakiwa yameziba kwa udongo, mwambie nyapara wa ganga, maana maji yakikwama nyuma ya ukuta yanausukuma.