Mchwa wa vifaranga: kwenye ndoo wanakufa wote, nakosea wapi?

Banda_la_Uani
Wadau, salamu. Vifaranga 40 wa kienyeji, wiki ya pili. Nimechimba mchwa kwenye kichuguu, nikawaweka kwenye ndoo yenye udongo, samadi kavu na magunzi, nanyunyiza maji kila siku ili wazaliane. Siku ya tatu wamebaki wachache na hawana nguvu. Nawafugaje mpaka waongezeke?

Mtetea_Mweusi
Mkuu, hao hawataongezeka hata ukiwapa nini. Uliowabeba ni vibarua na askari. Anayetaga ni malkia, naye yuko ndani kabisa ya kichuguu. Tena mchwa wa vichuguu vikubwa hawashibi gunzi lenyewe. Wanalitafuna, wanalipeleka nyumbani kutengeneza masega, kuvu inaota juu ya masega, na hiyo ndiyo inayowalisha. Ndoo haina masega wala unyevu wa shimoni, na ngozi yao laini hukauka upesi. Usijaribu kumchimbua malkia, utaua kichuguu kizima na kujinyima mchwa wa miaka. Waache kwao, wewe tega.

Chungu kikuukuu au ndoo ya lita 10 inatosha. Vunjavunja magunzi, changanya na mabua na samadi kavu ya ng'ombe, jaza bila kushindilia sana. Lowesha mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika umezidisha, na mchwa hawaingii kwenye tope. Kisha kwangua udongo kwenye njia yao mpaka uone vitobo na mchwa wakitoka kuviziba. Geuza chungu kifudifudi hapohapo juu ya vitobo, ziba pembeni kwa udongo mbichi mwanga usipenye, funika kwa gunia lililoloweshwa na majani juu yake.

Tega saa 11 jioni, vuna saa 12 asubuhi. Ukienda saa 4 jua limeshapasha chungu, wameshuka wote, utakuta magunzi yaliyopakwa udongo tu. Inua haraka, weka karai chini, kung'uta.

Magunzi_Makavu
Nyongeza kwa aliyetangulia. Adui mkubwa wa mtego ni sisimizi na siafu: wakiingia usiku, asubuhi hukuti mchwa hata mmoja. Mwaga majivu makavu kuzunguka chungu, upana wa kiganja, na uyarudishie mvua ikinyesha. Vitobo vilevile ukivitega mfululizo wanapungua, kwa hiyo uwe na sehemu tatu au nne uzunguke.

Tega mbali na nyumba, mita 30 hivi. Kuna watu wanaweka magunzi mabichi karibu na nguzo za banda, wanashangaa paa linaliwa. Na mahali palipowahi kupigwa dawa ya mchwa usiguse kabisa. Mchwa aliyelegea kwa sumu ndiye kifaranga anayemdaka kwanza.

Angalia pia aina. Ukiona mchwa wa aina ndogo ambao askari wao wana kichwa kilichochongoka mbele kama ncha ya sindano, waache. Wanarusha ute wa kunata.

Banda_la_Uani
Asanteni sana. Kwa vifaranga 40 niwape kiasi gani? Na kiangazi je?

Mtetea_Mweusi
Kwa umri huo, konzi moja kwa vifaranga 10, mara moja kwa siku, baada ya kula chakula chao cha kawaida. Mchwa ni kitoweo. Wakipewa peke yao vifaranga wanakosa madini, hasa ya mifupa. Wasipowamaliza kwa dakika 15, kesho punguza. Wachambue askari wenye vichwa vikubwa vyekundu, taya zao zinang'ata, wape kuku wakubwa. Na weka mchanga wa chengachenga kwenye kisahani, firigisi inahitaji cha kusagia.

Waliozidi usiwalaze hai. Wamwagie maji yanayochemka, chuja, anika juani kwenye bati mpaka ukiwavunja wanakatika, ndipo uwafunge kwenye chombo kikavu. Wakiwa na unyevu wanaota ukungu, na ukungu unaua vifaranga.

Magunzi_Makavu
Kiangazi mchwa wanashuka chini. Mwaga ndoo moja ya maji juu ya njia yao mchana, ukwangue na kutega jioni hiyohiyo, na chungu kikae siku mbili badala ya moja. Gunia lilowe asubuhi na jioni.

Mvua za kwanza zikianza kuna kumbikumbi: taa juu ya beseni la maji, usiku wanapotoka. Wanadondoka wenyewe, na kuku wakubwa wanawala pamoja na mbawa.