Damu ya Punjab 1947: tuilaumu mipaka au haraka?

Mleta mada:
Salaam wanajukwaa. Kila Agosti mjadala wa kugawanywa kwa India kidini, kuwa India na Pakistan ya Waislamu, hurudi palepale: kosa la Jinnah aliyedai Pakistan, au la Nehru na chama chake cha Congress walioshindwa kugawana naye madaraka? Leo naomba tumtazame aliyeshika kalenda.

Februari 1947 Waziri Mkuu wa Uingereza, Attlee, alitangaza kuwa watang'oka India si zaidi ya Juni 1948. Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Kiingereza huko India, akaingia Delhi Machi. Juni 3 akatangaza mpango wa kuigawa nchi, na kesho yake akawaambia waandishi wa habari kuwa uhuru utakuwa Agosti 15. Yaani miezi kumi imekatwa, na zimebaki wiki kumi tu kugawana jeshi, reli, hazina na watu!

Mpaka akapewa Radcliffe, mwanasheria wa London ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India. Alifika Julai 8, akawa na wiki 5 za kuyapasua majimbo mawili, Punjab na Bengal. Alimaliza kabla ya sherehe, lakini ramani haikutangazwa hadi Agosti 17. Watu walishangilia uhuru bila kujua wamelala nchi gani. Murshidabad, wilaya ya Bengal yenye Waislamu wengi, ilipandisha bendera ya Pakistan. Siku mbili baadaye ikaambiwa iko India, bendera ikateremshwa. Khulna yakawa hayohayo, kinyume chake: ilipandisha ya India, ikajikuta Pakistan.

Huko Bengal ilibadilishwa bendera. Punjab wamebadilishiwa nchi huku panga ziko mlangoni. Treni zilikuwa zikiingia Lahore na Amritsar zimejaa maiti. Waliohama ni kati ya milioni 12 na 15; waliouawa, makadirio yanaanzia laki 2 hadi milioni 2. Mimi nasema haraka ile iliua kuliko mpaka wenyewe. Karibuni.

Mchangiaji:
Mkuu, kwa heshima, umeiruka Calcutta, mji mkuu wa Bengal. Agosti 16, 1946 yalianza mauaji kati ya Wahindu na Waislamu yaliyomaliza maelfu kwa siku chache, Mountbatten hajateuliwa bado. Machi 1947 vijiji vya Rawalpindi, hukohuko Punjab, vikachomwa. Serikali ya pamoja ilikuwa imekwama, na polisi wenyewe wamegawanyika kidini. Ungewaweka Waingereza mwaka mzima zaidi, wamlinde nani? Na usisahau kwamba jioni ile ya Juni 3 Nehru, Jinnah na Baldev Singh wa Masingasinga walisimama redioni wakaukubali mpango. Hakuna aliyeburutwa.

Mleta mada:
Rawalpindi nakupa, ndugu yangu, na hata kuridhia kwao nakupa. Ila hoja yako inanisaidia mimi. Kama moto ulishaonekana Machi, kwa nini maji yaletwe kijiko kimoja? Kikosi cha Mpaka wa Punjab kilikuwa na askari kama 50,000 kwenye makaratasi, kwa wilaya 12, kikavunjwa mwanzoni mwa Septemba wakati misafara ya wakimbizi ikiwa bado barabarani, wazee wamebebwa mgongoni.

Halafu itazame Calcutta hiyohiyo uliyoitaja. Bengal nayo ilikatwa vipande viwili. Gandhi alikwenda kukaa Beliaghata, mtaa wa Calcutta, kwenye nyumba ya Mwislamu, pamoja na Suhrawardy, kiongozi wa Kiislamu ambaye Wahindu wengi walimlaumu kwa mauaji ya 1946. Fujo zilipoanza upya Septemba, Gandhi akaacha kula. Siku ya nne viongozi wa pande zote walikuja kumwahidi amani, wahuni wakaleta silaha zao wakaziweka mbele yake, na mji ukatulia. Mountbatten mwenyewe alimwita kikosi cha mpakani cha mtu mmoja. Kwa hiyo sikubali kuwa chinjachinja ile haikuzuilika.

Wanaomtetea Mountbatten nawaomba wanijibu hili tu: ramani ilikuwa tayari kabla ya Agosti 15. Kukaa kwake kabatini hadi tarehe 17 kulimfaa nani, mkulima wa Punjab au aliyekuwa akifungasha mizigo?